Bafle ya Yanonge

Jonas mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga watu wa kwaya, na nawajua, hawatakuachia kabla hujala, kwa hiyo nina muda. Nimefunga duka mapema na nimekaa mezani, pale pale unapowekaga kompyuta yako. Mama Kahindo wa jirani ameniuliza kama naumwa. Nikamwambia nina barua ya kuandika. Akacheka, akasema siku hizi ni nani anaandika barua, si umtumie sauti kwenye simu. Lakini maneno haya siwezi kuyasema kwa sauti. Nimejaribu wiki nzima. Kila nikifungua mdomo, inatoka habari ya maharage.

Sitakuambia mambo ya kuchemsha maji, wala chandarua, wala namna ya kuficha simu ukishuka Kinshasa. Hayo nimekuimbia tangu Jumatatu mpaka ukaanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku la gitaa, chini ya kile kitambaa cha papa yako, na kesho boti ikishatoka nitakupigia simu kukuambia uitafute. Naomba uisome kabla hamjafika Yanonge. Boti inasimama pale kupakia watu na mizigo.

Jana ulipokuwa unapanga vitu vyako, ulikuja na ile flashi nyeusi yenye gitaa la papa yako ukaiweka juu ya kabati, chini ya picha ya papa yako. Ulisema, "Mama, papa nakuachia. Mi nimeshindwa kumupata." Ulisema polepole, bila kulia, kama mtu anayerudisha funguo za nyumba aliyopanga. Kisha ukaendelea kukunja mashati. Mimi nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya jiko lisilo na moto.

Hukushindwa, Jonas. Mimi ndiye niliyekuzuia. Na ili nikueleze nilivyokuzuia, lazima nianzie mbali kidogo, maana nikianza na neno lenyewe, najijua, nitaweka kalamu chini.

Mimi ni muuza maharage na vitunguu. Wazazi wangu walishuka hapa kutoka Butembo na biashara yao, na kwetu muziki ulikuwa kitu cha Jumapili asubuhi. Nilipowaambia naolewa na mpiga gitaa, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, mama yangu aliuliza kama mtu huyo ana kazi pia. Niliishi na gitaa miaka mingi bila kujua kwamba gitaa la umeme peke yake halina sauti ya kusikilizika. Nilidhani sauti iko kwenye nyuzi. Wewe ndiye uliyenifundisha, miezi ile ya mwisho ya papa yako, ulipoanza kumrekodi pale kitandani.

Unakumbuka. Kifua kilikuwa kimechoka, na bafle yake, lile sanduku kubwa la spika pale pembeni ya sebule, ikivuma tu anaanza kukohoa. Kwa hiyo ukamuunganisha moja kwa moja, gitaa kwenye waya, waya kwenye kile kisanduku chako chekundu, kisanduku kwenye kompyuta, na yeye kaske masikioni, ameegemea mito miwili. Alikuwa anapiga wimbo mzima, au nusu wimbo, au mstari mmoja tu kisha analala na gitaa kifuani. Faili arobaini na moja. Ulinivalisha kaske siku moja nisikie, nikashtuka. Ilikuwa sauti kavu, nyembamba, kama mtu anayekwaruza sufuria kwa uma. Na yeye mwenyewe aliposikia alikunja uso.

"Eh, Jonas. Hii haiko mi. Hii iko mifupa yangu tu."

"Papa, nyama iko ku bafle," ukamwambia. "Tutaitia baadaye."

"Bon. Lakini usiniache na mifupa. Utanivalisha."

Na ukaahidi. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la uji, nikasikia unaahidi.

Ulinieleza kazi yenyewe ukiwa unakula, unachora mezani kwa kidole chenye mafuta. Ukasema bafle siyo kitu cha kuongeza kelele tu. Mbao inameza sauti fulani, spika inakata nyingine, nyingine zinazunguka mle ndani na kutoka zimeshiba. Ndiyo maana gitaa lile lile kwenye bafle mbili ni watu wawili. Na siku hizi, ukasema, mtu anaweza kuchukua bafle bila kuibeba. Unapitisha ndani yake mluzi mmoja unaopanda kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa, unaweka mikro ya kunasa sauti mbele ya spika, unachukua inavyojibu. Kompyuta inalinganisha kilichoulizwa na kilichojibiwa, na kinachobaki ni faili ndogo, fupi kuliko chafya. Ninyi mnaiita IR. Mimi nikaiita jibu, nawe ukasema, sawa Mama, iite jibu. Ukishakuwa na jibu la bafle, gitaa lolote kavu unalipitisha mle, hata lililopigwa zamani, na linatoka kana kwamba mtu alikaa mbele ya bafle ile siku ile. Nikakuuliza kwa nini hulichukui leo. Ukasema ile mikro yako haifai, inafanya kila kitu kiwe baridi. Utaazima nzuri. Haraka ya nini, bafle haiendi popote.

Papa yako akafa kabla hujapata mikro.

Baada ya matanga ukaitwa Isangi kufunga vyombo kwenye harusi ya yule tajiri wa samaki, na kule kulikuwa na rafiki yako mwenye mikro nzuri. Ukasimama hapa mlangoni na mkoba begani. "Mama, mutu asiguse bafle. Hata ile kitambaa juu yake usitoe. Ndani ya wiki tatu niko hapa." Nikasema sawa. Nilisema kama mtu anavyosema sawa, nikifikiria vitunguu vyangu vilivyokuwa vinaoza njiani.

Wiki ya kwanza alikuja Tonton Faustin, ndugu wa papa yako, pamoja na tantine yako, mke wake.

Sasa nikuambie aibu yangu moja ndogo kabla ya ile kubwa. Siku moja kabla hawajafika, nilibeba cherehani, redio na masufuria yote mazuri nikayaficha kwa Mama Kahindo. Wewe unajua habari za wajane wa mji huu, ndugu za mume wanakuja wanabeba mpaka vitanda. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mwanamke aliyeachiwa mkeka. Nikajiambia hawa watu wa mto hawatanikuta mjinga. Tonton yako akaingia, akaketi kwenye kiti cha chini, akalia mpaka akashindwa kula pondu niliyompikia. Mwisho aliomba kitu kimoja: shati la bluu, lile la papa yako la kupigia muziki. Nikampa. Halafu akaenda pale pembeni, akapitisha kiganja chake juu ya bafle, taratibu, akitafuta maungio aliyoyafunga mwenyewe.

"Hii ibakiye na mutoto," akasema. "Mi niko na yangu."

Maana bafle zilikuwa mbili, Jonas. Hilo ulipaswa kulijua tangu zamani. Kabla hujazaliwa, papa yako na Tonton walipasua ubao mmoja mwekundu, uliokuwa wa kutengenezea pirogi, mtumbwi wa wavuvi, wakatoa masanduku mawili sawasawa, kidole kwa kidole. Spika walizitoa kwenye vyombo vilivyokufa vya ukumbi mmoja wa sinema, mbili za namna moja. Zilikuwa zimechanika kwenye kingo. Tonton akaleta mpira mbichi kutoka kwenye miti ya mashamba ya zamani kule kwao, wakazipaka zote mbili siku moja, kwa brashi moja, wakazianika hapa uani nami nikawa nafukuza kuku. Mpira ule ndio uliozipa ule ukavu wa koo ambao watu walikuwa wanauulizia. Moja ikabaki hapa, moja ikaenda Yanonge, ili papa yako akialikwa kule kwenye sikukuu asibebe mzigo kwenye mto. Nilimsikia akipiga kwenye zote mbili. Ningefunga macho, nisingejua niko mji gani.

Wiki ya pili akaja Papa Anselme, mkubwa wa kwaya. Mtu mzima, mwenye heshima zake, usimchukie. Alikuja kunisalimu tu. Umeme ulikuwepo. Akaona gitaa, akaona bafle, akaniomba apige kidogo kwa kumkumbuka rafiki yake. Nikakumbuka ulivyonikataza, na nikasema si anapiga tu, habebi. Nikarudi jikoni.

Unajua papa yako hakuwa na desturi ya kusema hodi. Akirudi kutoka kupiga muziki, kabla ya kunisalimu, kabla hata ya kuvua viatu, alikuwa anachomeka gitaa na kupiga kale kawimbo kake kafupi, sauti nne zinashuka na moja inarudi juu. Mimi natoka jikoni nafuta mikono kwenye kitenge. Nasema, "Umerudi?" Naye anasema, "Nimerudi na njaa." Miaka yetu yote. Hata tukiwa tumenuniana, kawimbo kanapigwa na mimi natoka, ingawa siku za kununa nilikuwa natoka polepole.

Marafiki zake wote walikajua. Papa Anselme akakapiga.

Jonas, nilitoka. Nilikuwa na unga mikononi. Nilipita lile pazia nikifuta mikono, na nikasema, kwa sauti kabisa, na nilikuwa nacheka, "Umerudi?"

Papa Anselme akatoa vidole kwenye nyuzi. Akaangalia chini. Akasema, "Pole, Mama Jonas." Nikamwambia hakuna shida. Nikamletea kahawa, nikamuuliza habari za mke wake, nikamsindikiza mpaka barabarani. Nikarudi nikaketi chini mbele ya bafle ile nikaichukia jinsi ambavyo sijawahi kuchukia mtu. Ilikuwa na sauti yake yote, haikukosa kitu, na yeye hakuwemo.

Asubuhi yake kulikuwa na dereva anapakia mafuta ya mawese kwenda Banalia. Nikamuuliza kama anataka bafle. Hakuamini. Sikuuza kwa shida, mwanangu. Ningekuwa nimeuza kwa njaa ningekuwa na la kujitetea. Niliwasaidia kuibeba.

Nilidhani huzuni itatoka nyumbani pamoja na sanduku lake. Haikutoka. Nilibaki nayo, na sikuwa hata na kitu cha kuikasirikia.

Ulirudi siku ya Alhamisi na ile mikro umeifunga kwenye taulo, umeibeba kifuani. Hukuniambia hata bonjour, ulikwenda moja kwa moja pembeni. Pale palikuwa na mraba wa saruji safi, bila vumbi. Ulisimama ukiuangalia. Uliuliza, "Mama, bafle iko wapi?" Na mimi, niliyekuwa nimepanga kukuambia, ambaye njia nzima ya kutoka sokoni nilikuwa nimejipangia maneno, nikakuona ulivyoshika lile taulo, nikaogopa. Nikasema, "Batu ya papa yako walikuja."

Ukasema, "Tonton Faustin?"

Nikainamisha kichwa.

Ni yote niliyofanya. Walikuja kweli, na kichwa nilikiinamisha tu. Nimejiambia hivyo mara nyingi, kwamba sikusema uongo. Lakini najua nilichofanya. Kila mtu kwenye barabara yetu alikuwa tayari kuamini, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema ndugu za mume walivyo. Mama Kahindo mwenyewe alinishika mkono akasema, "Afadhali tulificha cherehani." Nami nikaitikia.

Tangu siku ile umemkataa Tonton. Alipiga simu, hukushika. Ulimkuta bandarini na samaki wake, ukapita mbele yake kama unapita mbele ya nguzo. Ulikuja kunisimulia ukiwa na fahari, ukidhani umenitetea. Nilikutilia chakula. Nilikuongezea samaki.

Na kuna siku uliniuliza, ukiwa unafunga kamba za viatu, "Mama, na ile ingine ya Yanonge? Si papa alikuwa na ingine kule?" Ulikuwa unakumbuka kitu cha utotoni, hukuwa na uhakika. Nikakujibu kwamba ilioza zamani, maji yaliingia kwenye nyumba ya Tonton. Niliongea nikipepeta maharage. Ningesema tu "iko, nenda Yanonge," ungempata papa yako ndani ya siku moja. Lakini ungekwenda, na Tonton angekuambia hakuchukua kitu ila shati. Kati ya wewe kumpata papa yako na wewe kunijua mimi, nilichagua.

Halafu ikaja ile miaka miwili ya majibu ya mtandaoni. Ulikuwa unavuta faili za bafle za watu, za Ulaya, za Amerika, ukikaa pale nje ya duka la simu kwa sababu mtandao unashika vizuri. Unarudi nazo, unampitisha papa yako moja baada ya nyingine. Mimi nikiwa chumba cha pili nahesabu magunia nasikiliza. Moja inatoka nene kama ameshiba sana. Moja inatoka inang'aa, ya kijana. Moja inaungua pembeni. Kila mara ni vidole vyake, hilo halikuwa na ubishi, na kila mara kuna mtu mwingine amevaa mikono yake. Unazima. Unasogeza. Unajaribu nyingine. Nilikuwa naomba umeme ukatike.

Siku moja ukaniita. Ukanivalisha kaske. "Mama, we njo unamujua muzuri. Hii iko karibu?"

Haikuwa karibu. Ilikuwa mbali sana, alikuwa kama mtu anayeongea lugha yake kwa mara ya kwanza. Nikasema, "Iko karibu." Nilitaka uache. Uso wako ulifunguka, ukafanya kazi juu ya faili ile mwezi mzima kwa sababu ya neno langu, mpaka ukagundua mwenyewe. Hukunilaumu. Ulisema labda masikio ya Mama yamechoka.

Kule Kinshasa utafanya kazi ya sauti za watu, na watu watakukalia mbele wakuulize kama iko karibu. Sikufundishi kazi yako. Nakuambia tu nilivyokujibu mimi na ilivyokugharimu.

Usifikiri sikujaribu kurudisha. Ukiwa kwenye ile kazi ya Bangboka, nilipanda pikipiki nikaenda Banalia, nikakuambia naenda kuangalia mchele. Nilimpata yule dereva, akanipeleka kwa mtu aliyemuuzia, huyo akanipeleka kwa mwingine. Niliikuta karibu na kivuko. Spika ilikuwa imeungua kwenye sherehe fulani, wameitupa. Sanduku lilikuwa limelazwa, limetobolewa juu, wanachajia simu za watu. Niliweka mkono kwenye ubao. Yule mama mwenye meza akaniuliza kama nina simu ya kuchaji. Nikampa yangu, ingawa ilikuwa imejaa, nikakaa pale karibu saa nzima.

Leo mchana, ulipokwenda kukata tiketi, nilimpigia Tonton Faustin. Sikuwa nimesikia sauti yake tangu siku ile ya shati. Nilimwambia kila kitu, nikiwa nimesimama, maana nilidhani nikikaa sitamaliza.

"Donc ni juu ya hiyo," akasema. "Mutoto alinipita ku beach, Mama Jonas. Nilizani iko na haya na shiye batu ya pirogi. Nilizani masomo njo ilimugeuza."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ni mimi.

"Nilitoa ile shati ya bluu ulinipa," akasema, "nikafunika nayo bafle. Iko kavu. Spika iko muzima. Mutoto akuye."

Sikumwomba msamaha vizuri. Nilianza, akasema, "Tika, Mama Jonas, acha," akakata. Sijui kama amenisamehe au alikuwa hataki nimsikie akilia. Ni deni langu na yeye, wewe lisikuhusu. Wewe unachodaiwa kule ni salamu tu, na atakupikia samaki.

Kwa hiyo hii ndiyo yote ninayokuomba, na nimeandika kurasa zote hizi kwa ajili yake. Shuka Yanonge. Utasema tiketi itapotea. Boti zingine zitapita, na kazi ya Kinshasa imekungoja mwezi mzima, itangoja siku tatu. Flashi nyeusi nimeitoa chini ya picha na nimeiweka hapa pamoja na barua, imefungwa ndani ya kitambaa. Mikro unayo yako nzuri sasa. Mwombe Tonton jenereta ya parokia, anamjua mtunzaji. Weka mikro palepale papa yako alipokuwa anaelekeza sikio lake akitaka kujisikia, kando kidogo ya katikati, upande ambao hapa nyumbani ulikuwa wa dirisha. Uliniambia kidole kimoja kinabadilisha kila kitu. Kwenye hilo niamini, nilimwangalia kwa miaka.

Kama hasira itakushika ukiwa majini, na itakushika, ikushike. Usinipigie kesho wala kesho kutwa kama hutaki. Kuwa na hasira na mimi, lakini shuka. Usimwache kwenye mifupa kwa sababu yangu.

Ni vigumu kukuandikia hili la mwisho. Nitakapokusindikiza kesho hutakuwa unajua kitu, utanikumbatia kama mama yako wa siku zote, na mimi nitapokea kumbatio hilo nikijua limetolewa kwa mtu mwingine. Nisamehe na hilo pia. Nimekulea peke yangu miaka hii miwili nikiogopa kwamba ukinijua utaondoka, na sasa unaondoka hata hivyo, na hunijui. Nyumba imeshaanza kuwa kubwa. Nimeona umeacha viatu vya zamani chini ya kitanda na nimefurahi kama mjinga.

Ukishampitisha papa yako kwenye bafle ya Tonton, anza na faili ya kumi na saba. Wewe uliiandika "jaribio," ukadhani alikuwa anapima nyuzi. Hakuwa anapima. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, yeye kaske masikioni, na nyuzi zenyewe bila umeme zinasikika kidogo tu, kama panya kwenye karatasi. Zilikuwa sauti nne zinashuka na moja inarudi juu. Alikuwa ananiita. Sikutoka, Jonas. Nilisikia na sikutoka, nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa amekataa dawa asubuhi ile. Nikasema moyoni, atapiga tena.

Hakuna nyingine kwenye hizo arobaini na moja. Nimezisikiliza zote, ukiwa hupo.

Ikiwa siku moja utaweza, nitumie hiyo. Usiandike kitu, tuma tu. Nitaiweka simu sebuleni, pale pembeni kwenye mraba wa saruji, na mimi nitakwenda jikoni. Nitajua hakuna mtu. Nitafuta mikono na nitatoka.

Mama yako